Ya Chini au ya Juu?

Kila alasiri Chapuchapu alimsomea bibi yake gazeti huku bibi akimenya viazi. Siku hiyo hakuwa amemaliza hata ukurasa wa kwanza jirani yao, fundi cherehani, alipoingia bila hodi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama. Umesikia? Eti mtaa wetu umechagua treni ya handaki. Nyumba sitini kati ya sabini."

"Marahaba. Handaki?" Bibi aliacha kumenya. "Nifukiwe ningali hai? Nani kachagua hayo?"

"Matokeo yamebandikwa shuleni. Saa kumi mhandisi wa reli anatia muhuri mbele ya watu. Lakini hao wa ofisini ndizo zao, wamekosea kuhesabu."

Chapuchapu alilikunja gazeti. Treni ya handaki ingekwenda kasi, lakini ingeishia sokoni, mwendo wa saa nzima kutoka kwao. Reli ya zamani ikirefushwa, treni zingekuwa chache, ila zingesimama mtaani kwao, na bibi angefika hospitali bila kuikokota miguu yake mibovu.

Fomu za kura hiyo alizijaza Chapuchapu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kama kazi waliyopewa darasani. Swali lilikuwa refu: "Je, mnapendelea treni ya chini ya ardhi itakayoishia sokoni, au reli ya juu ya ardhi irefushwe hadi mtaani?" Nyumba chache za kwanza alilisoma lote. Jua lilipokuwa kali, akalikata: "Mnataka ya chini au ya juu?" Watu wakadhani ya juu ni ile ipitayo juu ya nguzo. Wakajibu, "Ya chini, mwanangu, hapahapa tunapokanyaga." Naye akatia alama penye handaki, mbio kwenye mlango unaofuata.

Lawama ilikwishapata wenyewe, watu wa ofisini, tena hawapo. Angeweza kunyamaza tu. Badala yake aliweka gazeti chini, akatoka mbio.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Mhandisi, mwanamke mwenye miwani, alikuwa ameshashika muhuri.

"Shikamoo. Naomba usigonge."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Nilifupisha swali. Niliuliza, ya chini au ya juu. Basi."

"Chapuchapu na chapuchapu zake," mwanafunzi mwenzake akanong'ona, na watu wakaguna. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuinamisha kichwa.

Mhandisi akaweka muhuri pembeni. Akalisoma swali lote, polepole, akaomba mikono. Ya handaki ilikuwa minane. Ya reli ilijaa ukumbi.

"Umeona?" akamwambia. "Watu walisema kweli, karatasi ikasema uongo. Anayeuliza kwa niaba ya wengine hana ruhusa ya kupunguza hata neno. Lakini umekiri kabla ya muhuri, na hilo hata watu wazima huwashinda."

Mlangoni alisimama bibi, akihema, fundi amemshika mkono.

"Na wewe, mama?" mhandisi akauliza. "Kama nawe ulijibu ya chini, ulimaanisha nini?"

Bibi alimtazama mjukuu wake.

"Nilimwona mtoto amechoka, nikajibu upesi ili apumzike. Nilimaanisha hivi: nataka treni ambayo miguu yangu hii inaweza kuifikia."