Maji ya Kumwogeshea Tabita

Ndugu zangu wa Bikenibeu, nyumba ya dada yangu Teretia mnaijua, ile iliyo nyuma ya kanisa. Naandika habari zake ili mtoto wake asisahaulike, na ili wengine wasije wakazika kama tulivyozika sisi.

Asubuhi zile zilikuwa tulivu. Teretia alikuwa amejifungua karibuni na mgongo ulimuuma bado, kwa hiyo kumwogesha Tabita ilikuwa kazi yangu. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikatandika taulo juu ya mkeka wa mkadi, nikayapima maji kwa kiwiko. Kwa kuwa kitovu kilikuwa hakijadondoka, nilimfuta tu kwa kitambaa laini: macho kwanza, kisha uso, kisha mikunjo ya shingo ambako maziwa hujificha. Kitovu nilikisafisha kwa maji yale yale, nikakiacha kikauke. Mkono wangu mmoja haukuondoka chini ya kichwa chake.

Mvua ilikuwa imegoma na tangi lilikuwa karibu kukauka. Muuguzi alikuwa ametuonya kuhusu kisima, maana kiko jirani na banda la nguruwe. Biribo, mume wa Teretia, akajitolea. Alichota maji ya tangi, akayachemsha, akayafunika kwenye ndoo nyeupe.

"Hii ni ya binti yangu," alituambia. "Atakayeigusa atanijua."

Tulimsifu. Nani kati yenu asingemsifu?

Lakini Biribo alipenda kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili. Kila jioni yeye na rafiki zake walikaa nyuma ya nyumba na bakuli lao, na nyote mnajua kava iliyochanganywa na maji ya chumvi ya kisima inavyokera ulimi.

Asubuhi moja nilipomaliza kumwogesha Tabita, nilimbusu kwenye paji la uso. Midomo yangu ikapata chumvi.

"Shemeji," nikamwita Biribo, "haya maji ni ya tangi kweli?"

"Ya tangi. Kwani vipi?"

"Yana chumvi."

"Hilo jasho lako, shemeji. Unavyohangaika na huyo mtoto, mtu atadhani umemzaa wewe."

Teretia alicheka, kisha akamtazama. "Baba Tabita, nakuuliza na mimi. Ni ya tangi?"

"Mke wangu, nimwibie maji mwanangu mwenyewe?"

Mambo yakaishia hapo.

Haukupita muda, ngozi kuzunguka kitovu ikawa nyekundu na kuvimba, ikatoa harufu. Mtoto akachemka mwili na kukataa ziwa. Tulimkimbiza hospitali.

"Mmekuwa mkimwogesha kwa maji gani?" muuguzi aliuliza.

"Ya mvua, yaliyochemshwa," Teretia akajibu. "Baba yake mwenyewe ndiye anayeyachemsha."

Muuguzi akamgeukia Biribo. Biribo alitazama miguu yake, akaitikia kwa kichwa.

Tabita alifariki akiwa amekamata kidole cha mama yake. Sijui kama ukweli ungemwokoa. Najua tu kwamba ulihitajika pale, na aliyekuwa nao aliuficha.

Baada ya mazishi watu walikaa uani kwa Teretia. Wanaume walileta kava ya kuomboleza. Iakoba, rafiki wa Biribo, alichukua bakuli, akaenda moja kwa moja chini ya ulingo wa kulalia, akafunua ndoo nyeupe.

"Iakoba, hiyo ni ya mtoto," nikamwambia.

"Najua, dada," alijibu kwa upole, kama mtu asiye na la kuficha. "Biribo ndiye aliyetuzoesha. Tukishachota, anajazia ya kisimani. Kava ya hapa haina chumvi, ndiyo maana tulikuwa hatubanduki."

Kisha akaziona nyuso zetu. Akarudisha kifuniko taratibu.

Teretia hakupaza sauti. "Biribo, nilikuuliza."

"Mama Tabita, nilidhani maji kidogo tu..."

"Nilikuuliza mbele ya dada yangu. Na muuguzi naye akakuuliza."

Biribo akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Siku hizi Teretia anaishi kwangu. Biribo ameacha kava, amekuja mara nyingi kuomba msamaha, na dada humkaribisha aketi. Lakini mtu yeyote akimpa Teretia kikombe cha maji, hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja, huyaonja kwanza kwa ncha ya ulimi.

FUNZO

Mtoto mchanga hawezi kuuliza maji yametoka wapi. Anaogeshwa tu. Basi maji yake yawe safi, yachemshwe, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yasiguswe kwa haja nyingine. Nawa mikono kabla ya kumshika, pima joto kwa kiwiko, usimwache peke yake kwenye beseni hata kama maji ni kidogo. Kitovu kiwe kikavu. Ukiona wekundu au ukisikia harufu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na ninyi baba zetu, siwaambii kava ni dhambi. Ila starehe ikishachukua cha mtoto, imekwisha kuwa bwana wako. Na ukikosea, sema unapoulizwa. Kosa la Biribo kwenye ndoo lilikuwa kubwa, lakini Teretia anasema hilo angeweza kulisamehe. Kule kuitikia kwa kichwa mbele ya muuguzi ndiko asikoweza kukusahau.