Jibu la Tatu

Kila asubuhi ya Februari, Wilner Dorvil huondoa theluji ngazini kwa koleo. Mkewe Yolette hupika uji wa mahindi. Binti yao Fabiola hutafuta glavu moja. Kwa nini hupotea moja tu? Wilner hulishuku hata hilo.

Wamepanga ghorofa ya pili huko Saint-Michel, Montreal, kwa miaka tisa. Siku moja Bwana Lachance, mwenye nyumba, alipanda ngazi mwenyewe. Alileta keki na bahasha. Wilner alivipokea vyote, kisha akainusa keki.

"Mtu huyu hajatuletea hata balbu," alisema mlango ulipofungwa. "Leo keki?"

Yolette aliifungua bahasha. Kuanzia Julai, kodi ingepanda kutoka dola 1,150 hadi 1,420 kwa mwezi. Chini palikuwa na visanduku viwili vya kutia alama: *Nakubali* na *Nahama*. Walipewa mwezi mmoja wa kujibu.

Yolette aliketi. "Tukikubali, tutakula nini? Tukihama, tutapata wapi nyumba karibu na shule ya Fabiola?"

Waliikodolea macho barua hiyo wiki tatu. Haikubadilika. Mwishowe Yolette akamwonyesha jirani wa chini, Madam Ghislaine, fundi cherehani.

"Mbona jibu la tatu halipo?" Madam alishangaa. "Nakataa nyongeza, na nabaki. Sheria ya hapa Quebec inaruhusu."

Wilner alimkazia macho. Mama huyu hunywa kahawa na Lachance kila Jumapili.

"Nikikataa, nyumba anapewa mpwa wako, sivyo?"

"Mpwa wangu ana nyumba yenye bwawa la kuogelea, baba. Hana haja na jiko lako. Kama huniamini, pigia simu baraza la nyumba, lile la kesi za wapangaji. Watakueleza bure."

Wilner alipiga. Baada ya saa moja akapiga tena. Mara ya tatu alibana pua ili wasimtambue. Watu watatu walimjibu, na jibu lilikuwa moja. Majengo mapya yana kanuni zake, lakini hili ni kuukuu. Mpangaji anaweza kukataa nyongeza na kubaki. Ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja; akinyamaza, amekubali. Baada ya hapo mwenye nyumba ana mwezi mmoja wa kwenda barazani, na baraza ndilo litakalopanga bei. Asipokwenda, kodi haipandi.

"Lachance amewanunua wote watatu," Wilner alinong'ona.

"Mtu wa kukosa hela ya balbu?" Yolette aliuliza.

Wilner akashuka kwa Madam. "Sema kweli. Wewe unapata nini hapa?"

"Ukikubali, kesho anabisha kwangu na karatasi kama hiyo. Atasema, tazama, Dorvil amekubali. Nina miaka sabini na moja. Sitaki kuanza kubeba friji."

Uso wa Wilner ulikunjuka. "Ungeanzia hapo, Madam! Sababu ya namna hiyo naielewa."

Jioni ileile Yolette aliandika: *Nimepokea taarifa yako. Nakataa nyongeza. Nabaki nyumbani.* Walibaki na nakala. Barua waliituma kwa posta, ile ambayo mpokeaji hutia saini.

Baada ya siku tatu, Lachance alikuwa mlangoni.

"Bwana Dorvil, barua za nini kati ya marafiki? Tumalize kwa mdomo."

"Tumalize kwa kalamu."

"Nani amekufundisha haya?"

Huko chini, cherehani ya Madam ilinyamaza.

"Nimejifundisha mwenyewe," alisema Wilner. "Hata mke wangu hunilalamikia kwa kushuku kila kitu."

Cherehani ikaendelea.

Mwezi ukaisha. Lachance hakwenda barazani. Huko mwenye nyumba huulizwa ametumia kiasi gani kwenye matengenezo, na labda swali hilo halikumpendeza.

Julai mosi, siku ambayo nusu ya Montreal huhama, mtaa mzima ulikuwa ukishusha magodoro. Akina Dorvil walikaa roshani, wakitazama. Kodi yao ilikuwa dola 1,150.

Kijana mmoja aliyebeba kochi alisimama chini kupumua. "Mzee, wewe umepandishiwa kiasi gani?"

"Hata senti."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wilner alimpenda papo hapo. Akashuka ngazi kwenda kumweleza.