Ng'ombe Wanne wa Majohe

Ng'ombe wanne wa mzee Loishiye walikutwa asubuhi wamekufa kando ya hori la maji, huko Majohe, nyuma ya Ukonga, povu limewatoka puani. Ilipofika saa sita mchana, Faraji, jirani anayelima mchicha, alishawekwa ndani. Si alitishia mbele za watu kwamba atawaua wakikanyaga tena matuta yake? Na bandani kwake si kulikutwa dawa ya wadudu?

"Kesi imekwisha," alisema mkuu wa kituo. "Kesho mahakamani."

Sajenti Sekela alitoka akibamiza mlango. Imekwisha wapi! Maabara hawapokei simu, gari la kituo halina mafuta, na Faraji analia mahabusu: "Afande, mie nina mdomo tu, jamani!" Sekela akapanda bodaboda kwa hela yake hadi Majohe.

Ukuta mpya wa kiwanda cha vigae ulikuwa umemeza malisho yote, na bwawa lilishafukiwa. Boma la Loishiye lilibaki limebanwa pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," Loishiye alijibu bila kuinua macho.

Sekela akamgeukia mke wa mzee, Nashipai. "Mama, mlipowakuta wamekufa, mlidhani nini?"

"Ndigana, homa ya kupe. Kupe ni wengi mno. Nikachukua kisu tuwachune."

"Kumbe ng'ombe wa ndigana mnamla?"

"Tunamla, tumwache kwa nini? Ila shemeji alikuja mbio, akaninyang'anya kisu. Akasema mtu asionje, hata mbwa asipewe."

"Kuna aliyekuwa ametaja sumu?"

"Hata mmoja."

Shemeji huyo, Saning'o, mdogo wake Loishiye na mchungaji wa kundi, alikuwa ameegemea fimbo yake. Sekela akamsogelea. "Wote walidhani ndigana. Wewe ulijuaje kwamba nyama hii hailiwi?"

"Watoto walishakoka moto," alisema Saning'o. "Ningenyamazaje?"

"Ulitia nini horini?"

"Dawa ya kupe." Sauti ikampasuka. "Nimechoka, afande! Huku ukuta, huku bustani, huku nyumba za watu. Wakiingia kwa Faraji, anayepigwa ni mimi, anayelala mahabusu ni mimi. Nilidhani wakifa wachache, kaka atauza waliobaki mnadani Pugu, tutafute maisha mengine."

"Si ungeniambia," Loishiye alinong'ona.

"Nilikuambia kila siku!"

Sekela alimtia Saning'o pingu, moyo mzito. Ukuta ule ungefungika pingu, angeanza nao.

Kesho yake asubuhi alimfungulia Faraji mlango yeye mwenyewe, Saning'o akabaki ndani. Chai hajaimaliza, simu ikalia.

"Afande, njoo uone!" Faraji alikuwa akipiga kelele. "Ng'ombe wamo kwenye mchicha wangu wote! Mzee wa watu anawafukuza peke yake, hawamsikii!"

"Kwani mchungaji wao yuko wapi?" Sekela alifoka, kisha akakumbuka ufunguo wa mahabusu uliokuwa mfukoni mwake.