Mvua ya Maktabani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa, baba yake Maren Unruh alikwenda kwenye nguzo ya uzio kuangalia kipimamvua. Kilikuwa kikavu. Alirudi jikoni, akaketi na kusema, "Hamna kitu," naye Maren na mama yake wakaitikia, "Labda kesho." Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi ya nyumba ile kwa siku arobaini na moja. Mji mzima wa Neufeld, huko Kansas, uliamkiana hivyo hivyo, maana wakati wa kupanda ngano ulikuwa umefika na mashamba yalikuwa vumbi tupu.

Alhamisi hiyo Maren hakuitikia. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mgeni. Mchana, Bwana Galen Pankratz, mkulima aliyekuwa akigombea kiti katika bunge la jimbo, angeitembelea shule yao, na Maren, kiongozi wa darasa la sita, ndiye aliyechaguliwa kumtembeza. Jioni mgombea angezungumza na wazazi katika ukumbi wa michezo.

Bwana Pankratz hakuwa mtu mbaya. Tatizo lilikuwa maoni yake. Kila alikokwenda alisema kwamba fedha za elimu zifuate idadi ya wanafunzi, na kwamba shule yenye watoto chini ya mia moja iunganishwe na jirani yake mkubwa. Shule ya Neufeld ilikuwa na watoto sabini na wanne. Jirani yake mkubwa alikuwa Corwin, mji wenye shule mpya ya vioo. Maren alijifunza kusoma Neufeld, na mama yake pia, na hakutaka hata kufikiria milango ile ikifungwa kwa kufuli.

"Akiona tunavyoteseka, atatuonea huruma," alimwambia rafiki yake Tessa wakati wa mapumziko.

"Tunateseka na nini?" Tessa aliuliza.

Maren alitazama huku na huku. Kwa kweli shule iling'aa. Mzee Orval Goertz, mtunzaji wa jengo na dereva wa basi, alikuwa amepaka rangi kila kitu kisichoweza kukimbia.

"Basi tutatafuta cha kututesa," Maren akasema.

Walichukua birika la kahawa iliyopoa katika chumba cha walimu. Maren akapanda juu ya meza ya maktaba na sponji, akachora madoa matatu ya kahawia kwenye dari. Chini ya kila doa waliweka ndoo, wakaijaza maji nusu. Tessa alitaka kuongeza samaki wa darasa la sayansi katika ndoo ya tatu, lakini Maren alimwambia asizidishe.

Mgeni alipofika, mwalimu mkuu, Bi Hiebert, aliitwa kwenye simu, na wasichana wakabaki naye peke yao. Maren alimwongoza moja kwa moja hadi maktabani.

"Paa letu linavuja," alisema kwa sauti ya msiba aliyoifanyia mazoezi chooni.

Bwana Pankratz hakuitazama dari. Alizitazama ndoo.

"Maji ya nini haya?"

"Ya mvua."

"Mvua ya lini, binti?"

"Ya jana usiku."

Tessa akaanza kukohoa. Hapo ndipo Maren alipokumbuka. Alikuwa amefikiria meza, sponji, ndoo, hata sauti ya msiba, lakini mvua yenyewe hakuifikiria hata kidogo.

Bwana Pankratz alivua kofia yake polepole. "Shamba langu liko maili sita kutoka hapa. Sijaona tone tangu Agosti. Na ninyi mmepata ndoo tatu?"

"Tatu," ulimi wa Maren ukajibu kabla ya mwenyewe.

"Tatu." Akavuta hewa kwa pua. "Mbona hapa pananukia kahawa?"

"Paa ni la zamani sana."

Mtu wa mahali pengine angecheka. Lakini Kansas mvua huweza kulowesha shamba lako ikamruka jirani yako, na mkulima aliyengoja siku arobaini na moja haulizi maswali mengi. Bwana Pankratz alitoka nje akampigia simu mkewe, ambaye alimpigia dada yake, na saa tisa alasiri magari saba ya wakulima yalikuwa yameegeshwa uwanjani. Wanaume walisimama wakiukodolea macho udongo mkavu.

"Imenyonywa yote," mmoja alisema.

"Kwa kiu hii? Lazima inyonywe."

Baba yake Maren alikuwamo. Tayari alikuwa amefunga mashine ya kupandia nyuma ya trekta. "Mwanangu, ilifika upande wa shamba letu?" aliuliza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Maren hakuwa ameiona kwa wiki nyingi. Maren aliangalia viatu vyake, akasema hajui.

Juu ya paa, katika jua kali, Mzee Orval alikuwa amepiga magoti akitafuta tundu. Paa lile alilitengeneza kwa mikono yake majira ya joto yaliyopita. "Nimezeeka," alisema kutoka juu, kwa sauti ndogo. "Zamani kazi yangu haikuvuja."

Maren alitamani ardhi ipasuke immeze, hata kama ilikuwa kavu.

Kibaya zaidi kilikuja jioni. Wazazi walikuwa wameketi na mabakuli ya nyama na maharagwe yenye pilipili, kila mmoja na mkate wake wa mdalasini pembeni kama ilivyo desturi ya Kansas, pale Bwana Pankratz aliposimama.

"Leo nimeona ndoo tatu zenye maji ya mvua ya usiku mmoja," alisema. "Sitawaficha. Jengo kama hili si la kuwekea fedha za umma. Watoto hawa waende Corwin, ambako kuna paa zima na maabara ya maana."

Maren aliona uongo wake umegeuka, na sasa ulikuwa unaifunga shule ile ile aliyotaka kuiokoa. Akasimama.

"Paa halivuji," alisema. "Zile ndoo niliweka mimi. Madoa ni kahawa. Mzee Orval hakukosea kitu."

Baba yake akauliza taratibu, "Kwa hiyo haikunyesha."

"Haikunyesha, baba. Nisamehe."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na punde ukumbi mzima ulikuwa ukicheka, hasa wale wenye magari saba. Bwana Pankratz peke yake hakucheka.

"Kwani shida ya kweli hamna, mpaka mkapika ya uongo?" aliuliza.

"Ipo," Maren alisema. "Ila haionyeshiki kwa ndoo. Josie Wiebe yuko darasa la kwanza na anakaa mwisho wa njia. Tukihamia Corwin, atapanda basi kabla ya jua kuchomoza, na atakaa ndani saa moja na nusu. Kwenda tu."

"Karatasi zangu zinasema dakika arobaini."

"Karatasi zako hazijawahi kupita barabara ya vumbi," Mzee Orval alisema huku mkate ukiwa bado mdomoni. "Njoo Jumatatu upande basi langu. Nitakuwekea nafasi."

Jumatatu alfajiri mgombea alipanda basi nyumbani kwa akina Wiebe. Wazazi walikuwa wamekubali safari ya majaribio, na Maren alipewa kazi ya kushika saa. Josie, mwenye miaka sita, alikaa karibu na mgeni akamsimulia maradhi yote ya paka wake, moja baada ya jingine. Kwenye mashimo ya barabara, karibu na mto mkavu, alinyamaza. Bwana Pankratz alishukuru mapema mno. Josie alimtapikia ndani ya buti la kulia.

Walifika Corwin baada ya saa moja na dakika thelathini na nne. Mgombea alishuka na buti mkononi, uso umempauka, akaegemea mlingoti wa bendera muda mrefu.

"Na jioni wanarudi tena?" aliuliza hatimaye.

"Kila siku," Mzee Orval akasema.

Wiki hiyo gazeti la wilaya lilichapisha maoni yake mapya. Aliandika kwamba bado anaamini shule ndogo zishirikiane kwa masomo ya sayansi, lakini anayepaswa kusafiri ni mwalimu wa sayansi, si watoto wa darasa la kwanza. Na kwamba fedha zihesabu umbali, si vichwa tu. Novemba alichaguliwa. Mswada wake ulipita majira ya kuchipua, na Shule ya Neufeld ikabaki wazi.

Lakini adhabu ya Maren haikungoja mswada. Ijumaa ya wiki ile ile ya safari ya basi alikuwa juu ya ngazi maktabani, akisugua kahawa kwenye dari, huku Mzee Orval ameishika ngazi kwa chini.

"Nilitaka kusaidia," Maren alisema.

"Najua. Lakini hebu fikiri. Shida yetu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko ile uliyoibuni, nawe ukaificha nyuma ya ndoo. Ukamfanya baba yako afunge trekta bure, ukanipandisha juani, na shule ikakaribia kufungwa. Yule mtoto Josie hakuongeza hata neno moja. Alikuwa mgonjwa, akatapika, na mgombea akaelewa." Akaitikisa ngazi kidogo. "Ukitaka watu wakusaidie, waonyeshe kitu kama kilivyo. Ukweli unatosha, mwanangu."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

Mzee Orval aliinua macho, akalikagua doa la tatu kwa makini.

"Nilikusamehe siku ile uliposimama mbele ya watu," alisema. "Sugua."