Chumba cha Nne

Mthamini wa benki alipomaliza kupima nyumba, aliandika vyumba vinne vya kulala. Nyumba ilikuwa na vitatu.

"Vitatu," mwalimu akamsahihisha. Kusahihisha ndiyo kazi yake, na nyumba aliachiwa na marehemu mama yake.

"Mama, nimevipima mwenyewe. Kile cha nne mlango unakwama tu."

Akanyoosha kalamu. Baina ya jiko na bafu, palipokuwa na ukuta tangu mwalimu azaliwe, palikuwa na mlango wa kijivu, na harufu ya nywele zilizoungua.

Mumewe, aliyejipachika jina la Mheshimiwa bila kuchaguliwa hata na kuku wake, alimvuta pembeni. "Nyamaza, mke wangu! Thamani isipofika, benki haitupi mkopo mpya, na ule wa zamani unaondoka na nyumba. Baraka haikataliwi." Akaitia fomu ya mthamini saini yenye mikia mitatu.

Barua ikaja: mlango urekebishwe ndani ya siku kumi na nne, ndipo mthamini arudi kukagua.

Fundi seremala waliyemwita aliweka sikio kwenye ubao wa mlango. "Shemeji," alinong'ona, "huu umefungwa kwa ndani. Na aliyeufunga anapumua." Akaondoka mbio, randa yake ya kulainishia mbao akaiacha.

"Waoga wakubwa!" Mheshimiwa akauranda mwenyewe mchana kutwa, na kila alipopumzika, sauti ya randa iliendelea upande wa pili.

Siku ya ukaguzi mlango ulifunguka kwa kuguswa tu. Mheshimiwa akaingia, akavuta tumbo ndani apigwe picha, na mthamini alipoinua simu mlango ukajifunga polepole, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha watoto, kisha kitasa kikafifia, bawaba zikafifia, rangi ya kijivu ikanywewa na chokaa, mpaka ukabaki ukuta mtupu, na nyuma ya ukuta sauti ya mwanamume ambaye hata huko hakujifunza kitu: "Mke wangu! Mwambie ni vinne!"

Mthamini akashusha simu, akashika kalamu. "Mama... niandike vingapi? Vitatu, nijiondokee?"

Mwalimu akapiga hesabu: vitatu, na nyumba ya marehemu mama imekwenda.

"Vinne," akasema mwalimu, ambaye hajawahi kumpa mtu alama za bure.

Mlango ukarudi. Wakatoka Waheshimiwa wawili, matumbo wameyavuta ndani, wakauliza kwa pamoja: "Thamani imefika?"

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, akimtafuta mwenye akili, ili amjue jini. Hakumpata.