Aliyetaka Kulala Penye Baridi

Haya sikuyasikia kwa mtu wa mbali. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine wifi yangu Noemi alinieleza mwenyewe, akiwa amekaa kitandani kwangu na miguu imefungwa bendeji. Atakayecheka na acheke. Mimi najua tulikotoka.

Ilikuwa Jumamosi moja mwishoni mwa Mei. Kaka yangu Evaristo alikuwa amehamia nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, kule bondeni magharibi ya mji wa Tucson. Ilikuwa nyumba ya peke yake, na nyuma yake hakuna kitu ila jangwa mpaka milimani. Ilikuwa na kuta nene. Ukitoka juani ukaingia mle unajisikia kama umetiwa mtungini, hata kabla hujawasha kiyoyozi. Hicho ndicho kilichompendeza Noemi, maana yeye alizaliwa pwani ya San Diego, kwenye ukungu wa asubuhi, na jua letu lilikuwa linamtesa.

Siku hiyo tulikuwa jikoni tunasukuma tortilla, chapati za kwetu. Nilikuwa namfundisha mambo ya huku: usivae kiatu bila kukikung'uta, usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Kitanda cha mtoto nilikiwekea kila mguu ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwa sababu nge hawezi kupanda kioo.

"Wifi, nyie huku mnaishi au mnavumilia?" Noemi akaniuliza.

"Tunavumilia mpaka mvua za Julai. Zikinyesha tunasahau, mwaka unaofuata tunaanza upya."

Akanyoosha mkono kuchukua kijiko cha sukari, hakukiona. Pale kilipokuwa palikuwa na kipande cha dungusi, kimejaa miiba. Evaristo aliangua kicheko.

"Huyo ni panya wa jangwani. Hawezi kubeba vitu viwili. Akikuta kizuri kuliko alichobeba, anakitua cha kwanza anachukua cha pili. Siyo mwizi huyo, ni mfanyabiashara."

"Basi mwambie mimi sina duka," Noemi akamjibu.

Tukacheka wote. Binti yao Lucero, aliyekuwa na miaka mitano, naye akacheka. Kisha akauliza, "Anakaa ukutani?"

"Labda," baba yake akasema.

"Ndiyo maana anaongea." Akaendelea kula.

Juni ikaingia na moto wake. Mwezi huo kwetu usukani wa gari unashikwa kwa kitambaa, na bomba la maji baridi linatoa maji ya kuogea mgonjwa. Kwale wanatembea wamefungua midomo. Kila kiumbe kinatafuta kivuli, na kivuli kilichobaki ni nyumba yako. Noemi aliua nge bafuni, akamkuta nyoka mwenye njuga mkiani amejikunja chini ya tangi la maji, akatoa kunguni wakubwa wanaoletwa na panya nyuma ya kabati. Haya yote aliyazoea, hata akaanza kujisifu kwenye simu: "Wifi, leo nimempiga mmoja na kandambili, hakupumua mara ya pili."

Panya naye aliendelea na biashara yake. Alichukua kibanio cha nywele cha Lucero, akaacha kifungo cha gauni, cha kombe la bahari, kimefubaa. Noemi akakipenda, akakiweka kwenye kisahani dirishani. Panya akachukua soksi ya Lucero, akaacha kiatu cha ngozi, kidogo, kimekauka na kukunjamana kama ganda la chungwa. Akachukua mdoli, akaacha utepe. Noemi akaviweka vyote kwenye kile kisahani. Alivionea huruma, kama alivyoniambia, ingawa hakujua ni kwa nini.

Siku moja aliona kitana cha Lucero kimesafishwa. Nywele zote zilizonasa kwenye meno yake zimetolewa, hata unywele mmoja haukubaki. Kando yake ulilala msuko wa nywele za mtoto, umejaa vumbi jekundu.

Na huo akauweka kwenye kisahani.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka mama kuwatembelea. Mama yetu, Eduviges, alizaliwa ranchi ya huko Sonora, ng'ambo ya mpaka, na si mtu wa maneno mengi. Alikunywa maji yake, akazunguka jikoni, akafika dirishani. Akasimama hapo muda mrefu.

"Nani amevipokea hivi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Panya huleta, mama," Noemi akasema. "Evaristo anasema ndiyo kawaida yao."

"Panya huacha alichookota. Mara kokoto, mara mfupa wa sungura. Huyu anachagua. Vilivyokwenda ni vya nani?"

Noemi akatazama mlango wa chumba cha Lucero.

"Na vilivyokuja?"

Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma. Lucero alikuwa chumbani kwake, tunamsikia anaongea taratibu, ananyamaza, anaongea tena. Kama mtu aliye kwenye simu.

"Mwanangu," mama akamwambia, "jangwa hili limemeza watoto wengi. Wamepita hapa na mama zao wakienda kaskazini, toka zamani, kabla hata mpaka haujawekwa. Wengine hawajui kama wamekufa. Wanachojua ni kwamba wana joto. Wewe umekuwa unapokea vitu vya mmoja wao. Ukipokea, umekubali. Virudishe vilikotoka. Leo hii."

Evaristo alikuwa mlangoni, amesikia. "Mama, usimtishe mke wangu. Nitaziba matundu yote kesho nikitoka kazini."

"Sijasema uzibe."

"Kesho, mama."

Mama akachukua mkoba wake. Tukaondoka kwa gari mpaka barabara ya lami. Hapo ndipo alipotamka, "Huyo mtoto nilipombusu, shavu lake ni baridi."

Siku ya pili yake, jua likiwa kichwani, umeme ulikatika bonde zima. Kila nyumba ilikuwa imewasha viyoyozi, nyaya zikashindwa. Noemi alisikia ukimya ukishuka ndani ya nyumba. Ndipo aliposikia kitu ukutani. Haikuwa mikwaruzo ya panya. Ilikuwa ni pumzi, ya mtu aliyekuwa anakimbia na sasa amepata mahali pa kupumzika.

Akaita, "Lucero."

Akamwona kwa dirisha. Mtoto alikuwa uani, juani, peku, amesimama juu ya saruji ambayo ungeweza kukaangia yai. Noemi alitoka mbio, na kwa haraka hiyo hakuvaa kitu miguuni. Hatua chache tu ngozi ya nyayo ikaanza kumtoka. Alimfikia mtoto, akamnyanyua, akamshika miguu. Ilikuwa mizima. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Unafanya nini huku, mwanangu?"

"Namshikia nafasi yake."

"Nafasi ya nani?"

"Amechoka na jua, mama. Anataka kulala ndani. Amesema nimshikie nafasi kidogo tu."

Noemi alimwingiza ndani, akamlaza kitandani, akafunga mlango wa nyuma kwa komeo, akanipigia simu. Mimi nakaa karibu na barabara kuu, si mbali. Nilipofika nilimkuta ameketi sakafuni jikoni, nyayo zake zimevimba malengelenge. Alikuwa ameenda kuchota maji ya kujipooza, basi, akarudi chumbani. Kitanda kitupu. Komeo la mlango liko palepale, limefungwa kwa ndani.

"Wifi," akaninong'oneza, "hajatoka. Hakuna alipotokea."

Nikachukua kile kisahani dirishani. Sijui nani aliniambia nikichukue. Nikamvalisha Noemi viatu vya kaka yangu juu ya taulo, tukatoka.

Nyuma ya nyumba kuna vumbi laini kama unga. Nyayo za Lucero zilikuwepo, wazi kabisa, zinaelekea kwenye korongo kavu. Zilikuwa jozi mbili. Mtoto peku, na pembeni yake mtoto mwenye kiatu kimoja.

Tulizifuata. Joto lilikuwa linatukandamiza mabegani. Hakuna ndege. Hakuna mdudu. Noemi alikuwa anatembea huku analia bila sauti, na machozi yanakauka kabla hayajafika kidevuni.

Chini ya mti wa miiba, ukingoni mwa korongo, kulikuwa na kiota. Nimewahi kuona viota vingi vya panya wa jangwani, lakini hicho kilinifika kiunoni. Vijiti, mifupa, vipande vya dungusi vimerundikwa miiba ikitazama nje. Nyoka mwenye njuga alikuwa mdomoni pa kiota. Akatikisa mkia. Tukasimama. Kisha njuga ikanyamaza ghafla, na yule nyoka akarudi nyuma taratibu, akaingia chini ya jiwe. Hakuwa ametuogopa sisi. Alikuwa anatazama nyuma yetu.

Sikugeuka.

Lucero alikuwa amelala ndani ya kile kiota, amejikunja, miiba imemzunguka pande zote na hana hata mchubuko mmoja. Kando ya kichwa chake kulikuwa na kibanio. Soksi. Mdoli. Kijiko chetu cha sukari. Vilikuwa vimepangwa vizuri, kama mtoto anavyopanga vitu vyake kwenye chumba kipya.

Nilipiga magoti, nikamwaga vya kwenye kisahani chini. Kifungo, kiatu, utepe, msuko.

Noemi akasema, "Chukua vyako, mama. Nipe wangu." Alimwita mama, kama unavyombembeleza mtoto wa mtu. "Nakuomba."

Upepo wa moto ukapita mara moja, ukaacha.

Tulimtoa mtoto. Mikono yangu ilichanika kwa miiba mpaka viwikoni, makovu ninayo. Noemi akambeba, mimi nikamshika Noemi. Lucero hakuamka, ila alikuwa anapumua, na mwili wake ulikuwa baridi hivi kwamba, Mungu anisamehe, katika joto lile nilitamani kumkumbatia.

Tulikuwa tumekaribia uani nilipotazama chini. Mbele yetu, juu ya nyayo zetu za kwendea, kulikuwa na nyayo nyingine. Ndogo. Mbichi. Hakuna mtoto aliyekuwa anatembea, wetu tulikuwa tumembeba. Nyayo zilikuwa zinaelekea nyumbani.

Mlango wa nyuma tulikuwa tumeuacha wazi. Tuliukuta umefungwa.

Hatukuingia. Niliwatia wote garini, nikawapeleka kwangu, na Evaristo aliporudi kutoka kazini akaja hukohuko. Alipoona miguu ya mkewe hakubishana tena. Vitu alivihamisha yeye na rafiki zake, mchana, kwa haraka, na vingine alivisamehe.

Lucero alilala mpaka siku ya pili. Alipofumbua macho akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Mama alikuja akakaa kando ya kitanda, akamtazama sana.

"Jina lako nani, mjukuu wangu?"

"Lucero."

Alijibu sawasawa. Lakini kabla hajajibu alimtazama Noemi kwanza, kama mtoto shuleni anayetaka kujua kama amepatia. Mama hakuuliza tena. Alimfunika shuka, akatoka nje, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mtoto yule kwa jina. Alikuwa anamwita "binti" tu, mpaka alipofariki.

Mvua za Julai ziliponyesha, ubaridi ule ukamtoka. Akatokwa na jasho kama watoto wenzake. Sasa ana miaka tisa, mtoto mzuri, mtiifu, anapenda kulala karibu na mlango wa friji. Evaristo anasema kila mtoto ana vituko vyake. Noemi anampenda kama roho yake. Mimi pia nampenda. Sijui niseme nini zaidi.

Nyumba ile haijapata mtu. Wanaokuja kuiangalia hawarudi. Kila Juni kaka yangu ananiomba nipite nikaangalie kama mabomba hayajapasuka, na mimi hupita mchana, nazunguka kwa nje, siingii.

Dirisha la chumba cha mtoto linatazama magharibi. Kioo chake saa hizo huwezi kukigusa, kinababua. Mwaka wa kwanza niliona doa la ukungu juu yake, kwa ndani, duara dogo kama la mtu aliyesogeza mdomo kwenye kioo. Niliposimama kulitazama likafutika. Likarudi. Likafutika. Likarudi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu walipohama. Mle ndani hamna kitu.

Mwaka ule duara lilikuwa chini, usawa wa nyonga yangu. Mwaka uliofuata lilikuwa limepanda kidogo. Nikajiambia ni macho, ni jua.

Juzi nilikwenda tena. Limefika kifuani pangu. Jumapili, tulipomaliza kula, Lucero alinikumbatia kuniaga, akaegemeza uso wake kwangu. Nikatazama pua yake imefika wapi: kifuani pangu, palepale.