Nguzo ya Katikati

"Jiwe hilo lirudi lilikotoka, leo hii!"

"Mama, ni lava tu. Ilimwagika ikiwa moto, ikapoa, ikasinyaa, ikapasuka nguzo nguzo za pembe sita. Tulifundishwa kabla sijatolewa shule."

"Basi mwalimu wako aje amguse baba yako, tuone kama hataungua!"

Binti akatazama chumbani. Siku ya tatu hii baba yake, mchimba mawe, alikuwa kitandani, ngozi ikichoma kama bati la mchana, chumba kikinuka jiwe lililoungua. Nguzo nyeusi aliyoileta ilikuwa imelazwa mlangoni kuwa kizingiti.

Wachimba mawe wana mwiko wao: chukua nguzo ya pembeni. Ile ya katikati, iliyokumbatiwa na nyingine pande zote, iache, ina mwenyewe. Mama alidhani mumewe kapitiwa. Hakujua kwamba binti ndiye aliyembembeleza: "Baba, za pembeni zimemeguka. Nitolee ile nzima." Na baba, tangu amtoe shule, hakuweza kumnyima kitu.

Adhuhuri sakafu ikaanza kulia, ta, ta, ta, na ufa ukatoka kizingitini, ukagawanyika, ukatambaa taratibu kama unaosikiliza, ukichora pembe sita, na pembe sita nyingine, hadi ukaingia chini ya kitanda cha baba na kutulia.

Mganga aliyeitwa aliweka kiganja juu ya nguzo, akakiondoa upesi.

"Mwenyewe anauliza jambo moja," alinong'ona. "Nani aliyeitaka?"

Binti akafungua kinywa. Macho ya mama yalikuwa juu yake. Akainamisha uso.

"Mimi," baba akasema toka kitandani. "Tamaa yangu."

Mganga akamtazama binti kitambo. "Kama ni uongo, mimi simo."

Nguzo ikarudishwa machimboni. Kufikia alasiri homa ilishuka, baba akaomba maji.

"Jana tungeinjika chai kifuani kwako," mama akamtania, akicheka huku analia.

Binti hakucheka. Alikwenda kufagia mlangoni, akijiapiza kwamba kesho atamwambia mama kweli yote, kesho bila kukosa, na alipoinama kivuli kikamfunika, akageuka, akamwona baba amesimama wima bila kushika ukuta, naye baba akamwekea mkono wa baridi begani, na sauti iliyotoka ilitoka chini mno, chini kuliko kifua cha mtu.

"Nimepoa nje tu, mwanangu. Ndani bado."